Karatasi Inasema Gorila

Siku ya Yenga, 3 novemba 2019
Jambo, kaye yangu. Uko muzima? Wiki tatu sijafungua kurasa zako — unisamehe. Mimi niko muzima, aksanti Mungu. Kifua cha Mama njo hakinyamazi.
Kisha misa, simu toka Kanada. Mudogo wangu Cubaka anakuja! Miaka makumi mbili na moja Mama hajamuona. Lakini alichukua paspoti ya kule, na sheria ya kwetu inakubali uraia mumoja tu. Sherti aombe viza, kama mugeni. Mugeni! Yeye niliyemubeba mugongoni kule Bukavu, ananikojolea kila asubui!

Siku ya tatu, 6 novemba
Viza ya kutembelea jamaa inaomba barua ya mualiko, sinyatire za wakubwa, muhuri, na miezi ya kungojea. Mama hana miezi. Cubaka amepata njia fupi: ukinunua ruhusa ya kuona gorila, watu wa parke ya nyama wa pori kule Rumangabo wanakuombea viza ya turisti. Inatoka kisha siku mbili tatu, ya kukaa siku kumi na ine. Amenunua.
Nikamuelezea Mama. Akauliza: eti gorila njo anamualika mutoto wangu? Nikacheka. Mama akaongeza: "Weye Nshobole, na mimi je? Tikiti ya kuniona mimi haiuzishwe?" Akacheka pia, hadi kikohozi kikamukamata. Nilimushika mugongo. Mifupa tu.

Siku ya tano, 8 novemba
Moyo unanisumbua. Si tunadanganya serikali? Nikaenda kwa Padri Balagizi. Akauliza: gorila, ataenda kumuona kweli? Ndiyo, Padri, kesho yake ya kufika. Basi haiko uongo, akasema, na hakuna viza inayokataza mutu kusalimia mama yake. Lakini wakimuuliza, ajibu kweli.
Njo hiyo naogopa! Cubaka hajui kujibu kwa ufupi. Tangu utoto, unamuuliza neno moja, anakupa kumi. Nimemuandikia: wakiuliza, sema gorila. Ni kweli. Usiongeze.

Siku ya Yenga, 10 novemba
Nimefua mashuka. Mama ameomba nimusuke nywele, zile chache zilizobaki. "Gorila naye apendeze," anasema.

Siku ya pili, 12 novemba
Naandikia kwenye magoti, hapa barieri, kwenye mupaka na Gisenyi, upande wetu. Mama alikataa kubaki nyumbani. Amekaa kwenye kiti cha muuza unite za simu, amevaa kitenge cha Pasaka, rozari mukononi.
Saa ine Cubaka akatokea toka upande wa Gisenyi. Ana mvi! Akanawa mikono, wakamupima homa sababu ya ugonjwa wa mulipuko — sawa. Akafika kwenye dirisha. Niko karibu, nasikia yote. Ajenti wa mupaka akamuuliza, kwa Kifaransa na kwa upole, anakuja kuona nini.
Cubaka akafungua kinywa. Na hapo hapo akamuona Mama, ng'ambo ya kamba. Akajibu kwa Kiswahili.
"Mama."
Neno moja! Maisha yote namuomba ajibu kwa ufupi — akachagua leo!
Ajenti akaangalia karatasi. "Papa, hapa imeandikwa gorila."
Cubaka analia tu.
"Uko turisti ao uko mutoto wa hapa? Kama uko wa hapa, viza ya turisti ni ya nini?"
Mama akasimama. Sijui nguvu alitoa wapi. "Mutoto wangu wa dirishani! Gorila njo mimi huyu! Alilipa kuniona, umuachilie aone!"
Musitari wote ukacheka. Wabeba mizigo wakapiga makofi. Ajenti naye akauma mudomo. Lakini akachukua paspoti, akasema: mungojee, naenda kuuliza mukubwa.
Toka pale hajarudi. Cubaka kule, Mama huku, kati yao hatua sita na kamba. Anamuita: umekonda, Cubaka, kule wanakulisha nini? Yeye anajibu — maneno mia moja, sasa! Mama anakohoa, anamuambia endelea.
Bwana Yesu, sikuombi mingi. Ni hatua sita tu. Mulango wa mukubwa bado umefungwa. Unijibu mbio.