Upande Wangu wa Barabara

Jumatatu, 8 Juni 1992
Nimefagia, nimepika chai, nimekimbia. Baba mkwe alitokea kwenye njia ya kisimani. Nikaruka migombani na ndoo, uso nimefunika kwa khanga. Maji yote chini. Wengi hapa Tukuyu wameacha mila hii ya kumkwepa mkwe. Yeye hajaiacha. Nami nampenda mwanawe, basi naruka. Mwezi wa pili wa ndoa. Nina furaha mpaka naona aibu.

Jumatano, 10 Juni
Mume wangu Asajile kapata safari. Siku hizi biashara imefunguliwa, tajiri wake anampa lori la mchele wa Kyela alipeleke hadi Zaire. Kule magari hupita kulia. Hajawahi kuendesha hivyo.
Kwa nini wasipite kama sisi? Akasema kila mtawala alikuja na upande wake: sisi Waingereza, wao Wabelgiji. Waingereza wa zamani walipanda farasi, wakataka mkono wa upanga uwe upande wa anayekuja. Kwingine watu wa mikokoteni mikubwa wakaona kulia ndiko kwepesi. Sekondari miaka minne, hakuna aliyenifundisha hayo. Nilimtazama midomo tu. Mume wangu mzuri jamani.
"Na sisi Wanyakyusa tunapita upande gani?"
"Wewe? Migombani."
Nilicheka hadi mama mkwe akagonga ukuta.

Ijumaa, 12 Juni
Ameondoka. Hapa dereva hukaa upande wa katikati ya barabara. Kule, kwa lori hilohilo, atakaa upande wa majani, haoni vizuri akitaka kulipita gari lingine. Nimemwambia: ukivuka mpaka, majani yawe karibu na kiwiko chako. Ukirudi, yawe mbali nacho. Akarudia kama mtoto wa shule ya Jumapili. Kitanda ni kikubwa mno.

Jumapili, 21 Juni
Alisema atafika Ijumaa. Bado. Kanisani wanasema lori la Tanzania limegongana uso kwa uso huko Zaire, dereva alisahau upande. La nani, hawajui. Sijala.

Jumanne, 23 Juni
Ukungu. Baridi. Nimesimama barabarani tangu asubuhi. Baba mkwe akaja, naye kusubiri. Nilipaswa kukimbia. Miguu ikakataa. Nikafunika uso, nikabaki. Fimbo yake ikasimama. Kisha nikaisikia ikivuka lami. Mzee yule alinipisha mimi. Tukasubiri, yeye kule, mimi huku.
Alasiri lori likashuka kutoka Isongole. Kushoto. Kiwiko cha Asajile dirishani, majani mbali nacho. Likasimama katikati yetu. Akazunguka kumsalimu baba yake kwanza, kama inavyopasa. Mimi nikalia ndani ya khanga.

Jumatano, 24 Juni
Amelala bado. Dereva wa lori lile lililogongana ni mtu wa Iringa. Kavunjika mguu, yu hai. Asante Mungu kwa wote wawili.
Mama mkwe kaleta maneno ya mzee: "Mwambie mwali asiruke tena na ndoo. Ashike kushoto kwake, nami nitashika kwangu."
Asante, baba. Humu daftarini naweza kukwambia.
Nimekwenda kisimani. Tumepishana. Maji yamefika nyumbani yote.