Ufunguo wa Karavani Kavu

Barnsley,
18 Agosti 1986

Kaka yangu mpendwa Russell,

Natumaini barua hii itakukuta Gibraltar ukiwa na afya njema, na kwamba mitambo ya meli yenu haikunyimi tena usingizi kama ilivyokuwa mwezi wa Juni. Sisi nyumbani hatujambo. Baba bado anaendesha basi la Doncaster na bado hawapatani na mkaguzi wake. Mama mgongo umempa nafuu, na ameniagiza nikuulize kama unaivaa ile sweta ya kijani, nikuulize kwa ukali. Basi nimekuuliza.

Nina habari kubwa, kaka, kubwa kiasi kwamba kalamu yangu inataka kuanzia mwisho. Nimeizuia. Mtu aliyetunukiwa shahada mwezi uliopita hana budi kuonyesha utaratibu, hata kwa kaka yake. Nawe nakuomba usirukie ukurasa wa mwisho, maana nakujua.

Utakumbuka nilikuandikia kuhusu Giles Warrender, kijana niliyesoma naye uchumi kule Leeds. Siku tuliyomaliza mitihani aliniomba tuoane, nami nikakubali kabla hajaifikisha sentensi yake mwisho. Hata hivyo tuliwekeana sharti: hatutamwambia mtu mpaka wazazi wetu wajuane na wapendane. Sharti hilo lilikuwa rahisi kulitamka. Baba yake ni mpimaji wa ardhi aliyestaafu, mama yake ni hakimu wa mahakama ndogo, na nyumba yao huko Guildford ina kinanda kisichopigwa na mtu. Walikutana na Baba na Mama mara moja tu, siku ya mahafali, wakanywa chai pamoja. Mama hakutoa neno isipokuwa asante. Tuliporudi nyumbani alivua viatu akaniambia, "Wale si watu wetu, mwanangu. Wanakunywa chai kana kwamba wanaogopa kuiumiza." Upande wa pili, Giles alinisimulia kwamba mama yake alipoingia garini alisema wazazi wangu ni watu wema sana. Katika nyumba ile, hivyo ndivyo wanavyosemwa watu ambao hawataalikwa tena.

Nililitafakari jambo hilo kwa makini. Guildford ingempa Mama homa, na Baba hawezi kulala katika hoteli ambayo gharama yake imelipwa na mtu mwingine. Nikahitimisha kwamba panahitajika mahali pasipo mwenyewe, yaani baharini. Nikakodi kwa wiki moja karavani, nyumba ya magurudumu ya watu wanane, katika kijiji cha likizo kwenye pwani ya Lincolnshire. Kijitabu chao cha matangazo kilionyesha dirisha pana, bahari ya buluu ikimeremeta, na mwanamke anayecheka akiwa ameshika kikombe. Mtu yeyote mwenye busara angeshawishika.

Tulifika Jumamosi mvua ikinyesha. Karavani yetu, namba kumi na saba, ilikuwa sanduku la bati lililokaa juu ya magurudumu yasiyo na upepo. Dirisha pana lilikuwapo kweli, na kweli lilielekea upande wa bahari. Ila kati yetu na bahari palikuwa na ukuta wa udongo wa kuzuia mawimbi, mrefu kupita paa, na mbele ya ukuta palipangwa mapipa ya taka. Bahari tuliisikia vizuri mno. Bwawa la kuogelea lilikuwa na maji ya kufika magotini, yakitumiwa na bata mmoja. Mcheza mazingaombwe alikuwa ameugua. Mashine ya bingo ilikwama siku ya pili, ikawa inatoa namba nne peke yake, na watu wa ukumbini wakaendelea kuweka alama kwenye kadi zao kwa heshima.

Lakini hayo yote yalikuwa madogo, kaka. Kilichonikondesha ni adabu. Asubuhi kila mtu alimsihi mwenzake atangulie bafuni. Bwana Warrender alimwambia Baba, "Tafadhali, tangulia," Baba akajibu, "Hapana, bwana, tangulia wewe," wakabaki wamesimama na taulo zao mabegani mpaka maji ya moto yakaisha. Kifungua kinywa cha Jumapili kilibakiza soseji moja ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Ilikaa sahanini mpaka jioni, ndipo shakwe akaingia dirishani akaichukua, na hata hapo Bi Warrender alisema tu kwamba ni ndege mzuri. Kila asubuhi msimamizi, Bi Pauline Sleight, aligonga mlango kutuuliza kama tunaridhika, nasi kwa sauti moja tulijibu kwamba pazuri sana, asante. Usiku nilimsikia Mama akimnong'oneza Baba nyuma ya pazia, na nyuma ya pazia la pili Bi Warrender akimnong'oneza mumewe, na kila upande ulishusha sauti ili upande wa pili usisikie. Jumanne jioni Giles aliniambia, akiwa amenyong'onyea, kwamba labda tuoane kimya kimya tuwaandikie kadi. Nilikataa. Lakini nakiri kwamba nililia kidogo kule kwenye mabomba ya maji.

Na sasa, kaka, ifikirie Jumatano! Mvua ilizidi na paa likaanza kuvuja, tena juu ya kiti cha Bwana Warrender hasa. Kuhama kiti kungekuwa sawa na kulalamika, kwa hiyo alikaa pale pale, ameweka sufuria mapajani, anakinga matone huku akisoma gazeti. Mlango ukagongwa. Bi Sleight alikuwa anauliza kama tunaendelea vizuri na hii mvua. Bwana Warrender akasimama na sufuria yake mkononi, tone likamdondokea katikati ya paji la uso, akasema, "Kila kitu ni kizuri kabisa, asante sana." Mlango ukafungwa.

Mama alijitahidi. Niliona mabega yake yakitetemeka. Kisha ikamtoka: "Kizuri kabisa! Bwana Warrender, umelowa kuliko yule bata wa bwawani, na bado unamshukuru mwanamke wa watu!"

Mimi nilimtazama Giles, Giles akatazama sakafu. Bi Warrender aliweka kikombe chake chini taratibu, akakunja mikono kama anayetaka kusoma hukumu.

"Bi Utley," alisema, "kwa kuwa umeanza wewe, niruhusu niseme. Godoro ninalolalia linanuka mbwa. Na si mbwa mmoja."

"Una bahati, dada," Mama akajibu. "Langu linanuka mtu."

Basi ukuta wa adabu ukabomoka. Bi Warrender alicheka mpaka akatoa leso. Bwana Warrender akasema kwamba bomba la bafuni lina aina mbili za maji, ya baridi na ya kuua. Baba, ambaye tangu Jumamosi alikuwa hajasema lolote zaidi ya habari za barabara, aliinua kichwa akauliza, "Na hiyo bahari jamani, ipo kweli, au wametuwekea kanda ya mawimbi?" Karavani nzima ilitikisika juu ya magurudumu yake. Wakahamia kwenye supu ya dengu ya ukumbini, wakahamia kwenye shakwe. Bi Warrender akafichua kwamba ile soseji aliitamani tangu saa mbili asubuhi, na Mama akaapa kwamba yeye pia. Walipofika kwenye chai walikuwa wameshaacha kuitana Bi. Mama akawa Edna na mwenzake Marjorie, Baba akawa Norman na mwenzake Hugh.

Wewe unatujua, kaka. Mgeni hatumlalamikii, wala mtu mwenye uwezo wa kurekebisha jambo. Hao tunawaambia asante. Malalamiko yetu ni chakula cha ndani, tunamtengea mtu wa nyumbani. Nilikuwa nimepoteza siku nne nikitafuta raha ya kuwaunganisha wazazi wetu, na shahada yangu yote haikunikumbusha hilo.

Kuanzia hapo ikawa sherehe. Alhamisi, mama hao wawili walishikana mikono chini ya mwavuli mmoja wakaenda makusudi kulitazama bwawa, wapate kulisema vizuri. Wakarudi mashavu mekundu, wamefurahi kama wasichana waliotoroka shule. Baba na Bwana Warrender walishindana kila asubuhi nani amelala vibaya zaidi, na ushindi wa Baba siku ile, springi ya godoro iliyompiga ubavuni alfajiri, ulipokelewa kwa pongezi za dhati. Ijumaa tulikula samaki na chipsi ufukweni, nyuma ya kitambaa cha kuzuia upepo, tumevaa makoti na mabuti ya mpira. Hapo Giles akasimama, chipsi zikiwa mkononi, akatangaza. Nakuambia moyo wangu ulikuwa unapiga kuliko mawimbi! Bwana Warrender alimpa Baba mkono, akausahau humo. Marjorie alilia. Mama alisema alijua siku nyingi, tangu aliponiona nampa Giles ganda la unga la samaki wangu lililokauka vizuri, kwa sababu mimi sijawahi kumpa mtu ganda hilo, hata kaka yangu.

Ndiyo hiyo habari kubwa. Harusi ni mwezi wa Aprili, nawe lazima uombe ruhusa kuanzia leo.

Sasa lipo jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Giles, nami nalileta kwako kwa sababu uko mbali na unajua kunyamaza. Alhamisi jioni nilikwenda ofisini kubadilisha mtungi wa gesi. Bi Sleight alinivuta pembeni. Alisema familia moja imechoshwa na mvua ikaondoka, na karavani yao, mpya, ya mstari wa mbele juu ya ukuta, bahari yote mbele ya dirisha, imebaki tupu. Alitaka kutupa sisi bila nyongeza yoyote, kwa sababu sisi ndio wageni wapole kuliko wote na hatujawahi kulalamika. Aliuweka ufunguo kiganjani mwangu. Ulikuwa mpya, unang'aa.

Niliushika, kaka. Nilimfikiria Bwana Warrender na sufuria yake, nikaufikiria mgongo wa Mama. Nilitoka nje kwenda kuwaita, na kabla sijafika, sauti ya Marjorie ikanifikia kutoka namba kumi na saba, imepaa, inasimulia jinsi mto wake ulivyojaa kitu kisichokuwa manyoya, na Mama akimkatiza kwa kicheko: "Afadhali wewe, wangu unanijibu!" Nilisimama kwenye tope. Nilijiuliza huko mbele, penye ukavu na mandhari, watazungumza nini. Nikarudi ofisini nikauweka ufunguo mezani, nikasema tunaridhika kabisa, asante. Nikawaacha wazee wanne walale na matone siku mbili zaidi. Ijumaa asubuhi Bwana Warrender alipoanza kupiga chafya, kila chafya ilikuwa kama inanitaja jina.

Nilidhani siri hiyo nitabaki nayo peke yangu. Lakini juzi Jumamosi, gari zikiwa zimeshapakiwa, nilikwenda kurudisha ufunguo wetu, na Bi Sleight akanitazama akitikisa kichwa.

"Nyinyi ni familia ya ajabu," alisema. "Wewe ulikataa, nikasema labda ni mambo ya vijana. Jana asubuhi nikamwambia yule mama mrefu mwenye shali ya buluu. Kwanza aliniuliza kama kule mbele kunavuja. Nikamwambia hakuvuji hata tone. Akafikiri, akasema, 'Basi hapana, asante. Mimi na Edna tutakaa tunatazamana tu.' Akaniomba nisimwambie mumewe, maana ana mafua."

Kaka, nilitoka pale miguu yangu haigusi ardhi. Marjorie alikuwa amekaa kiti cha nyuma cha gari yetu pamoja na Mama, maana walikataa kutenganishwa mpaka Lincoln, wanakilaumu kiti. Aliniona nikitoka ofisini, akaniona nilivyomtazama. Kisha akajisogeza, akapigapiga kwa kiganja nafasi iliyokuwa kati yao, akaniambia, "Njoo ukae hapa, mwanangu, ingawa utaumia." Alikuwa hajawahi kuniita hivyo.

Kabla hatujaondoka Mama alishuka akaenda kuweka nafasi ya Agosti ijayo, watu saba, ukiwemo wewe. Aliomba namba kumi na saba. Bi Sleight alimhakikishia kwamba kufikia wakati huo paa litakuwa limetengenezwa, na Mama alirudi garini akamwarifu Marjorie kwa sauti ya msiba.

Basi nisikuchoshe. Baba anakusalimu na kukuuliza kama kwenye meli maji ya moto yapo, Giles anatamani kukufahamu, na Mama anarudia ile habari ya sweta. Ombi langu ni moja: ufunguo ule ubaki kati yangu na wewe, na mwenye shali ya buluu ambaye hajui kwamba najua, au pengine anajua. Jitunze huko baharini. Na ukija, njoo na koti la mvua na malalamiko yako mwenyewe. Ya kwetu tumeshagawana.

Mdogo wako akupendaye,
Rosalind