Silasi Luhende, Mwalimu wa Watoto wa Puge

Mwaka umetimia, Silasi, tangu ututoke tarehe 9 Novemba 1953, ukiwa peke yako kitandani huko hospitali ya Kitete.

Ulikomea darasa la tatu. Shule yenu ilikuwa na kitabu kimoja kwa watoto arobaini, na mwalimu wenu alipoondoka hakuletwa mwingine. Ndiyo maana ulipokuwa mtu mzima uliwakusanya watoto wa wachungaji kwenye banda la pamba, ukawaandikia herufi mchangani kwa kijiti. Aliyekosea hukumkaripia. "Futa, mwanangu," ulikuwa ukisema. "Mchanga haukasiriki."

Mkaguzi alipokuja akataka cheti, hukuwa nacho. Akalifunga darasa, akaahidi mwalimu mwenye cheti. Watoto wakarudi kwa ng'ombe. Wewe kila Jumatatu ulilifagia lile banda, mgeni asije akakuta vumbi. Hakuja mtu.

Kisha kifua kikakushika, ukapelekwa Kitete. Siku moja lori likaleta barua yako. Mkeo Koleta hakujua kusoma, wala mdogo wako Masolwa. Koleta akaizungusha nyumba hadi nyumba. Minza, binti wa jirani uliyemfundisha, akaishika kwa mikono miwili. "Ko-le-ta," akasoma, kisha akakwama.

"Endelea, mwanangu."

"Mama, huku mbele Mwalimu alikuwa hajatufikisha."

Siku ya nne mwinjilisti Yoramu akarudi kutoka safarini, akaisoma: "Koleta, njoo upesi. Nimelala nautazama mlango." Mkeo aliondoka siku ileile. Alipofika, ulikuwa umezikwa jana yake.

Tangu hapo watu wakimwamkia huitika marahaba, basi, hana neno jingine. Maji huchota mchana wa jua kali, wenzake wakiwa wameshaondoka kisimani.

Mwezi wa saba alimwomba Yoramu amfundishe kusoma. Kila Jumamosi hukaa mkekani na watoto anaowafundisha Yoramu, mtu mzima peke yake, na vijana wapitao humcheka. Juma lililopita aliisoma barua yako mwenyewe, kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, chumbani, pasipo na wa kumsikiliza. Ilimchukua asubuhi nzima.

Unakumbukwa na mkeo Koleta, mdogo wako Masolwa, dada yako Getruda, na watoto wa Puge uliowaanzisha. Maneno haya tumeandikiwa na Yoramu.

Silasi, mioyoni mwetu hutoki kamwe.