Kibati Namba 318

Sadbari, Ontario
Jumapili, 9 Machi

Kaka yangu mpendwa Arvo,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima huko Vankuva na mvua zenu. Mimi ni mzima wa mwili. Theluji bado imefika dirishani, na sauna ya baba, kile chumba chake cha kuogea mvuke, nimeipasha moto mara moja tu tangu tumzike, maana kuketi mle peke yangu kulinishinda.

Kazi ni ileile, nashuka kilomita mbili mgodini kuvizia kifo cha nyota. Baba alinihoji juu yake hadi wiki yake ya mwisho. Nilimweleza kwamba nyota kubwa sana hufa kuanzia moyoni: moyo huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, huku nje ikiendelea kung'aa kwa saa kadhaa kana kwamba haijaambiwa. Sisi wa chini ndio tunaopata habari kwanza, kwa chembe zinazopenya mwamba. Alicheka, akasema nimesoma miaka yote hiyo nikaishia shimoni kama yeye, tena bila kutoa hata kipande cha nikeli. Kisha akauliza kinabaki nini. Nikamwambia mara nyingi ni kitu kidogo, hakizidi mji wetu kwa upana, lakini kizito kuliko jua.

Sasa nikuambie la Alhamisi. Unakumbuka kila anayeshuka mgodini hutundika kibati chake cha namba ubaoni, na akipanda hukiondoa. Kikibaki, baruti hazilipuliwi mpaka mtu apatikane. Alhamisi kilibaki namba 318. Kazi ilisimama kwa saa nne nzima, watu wakapita kila handaki wakiita namba hiyo.

Ni cha baba, Arvo. Nimekuwa nikikitundika kando ya changu kila asubuhi ili nisishuke peke yangu. Siku hiyo nilikisahau. Lakini kosa langu si kusahau. Nilikuwepo pale ubaoni walipoanza kutafuta, nikanyamaza. Nilitaka watu wengine nao wamtafute baba, hata kwa saa hizo chache.

Marcel, mnyapara aliyefanya kazi na baba, ndiye aliyeitambua namba. Hakunigombeza. Alikitia mkononi mwangu, akasema, "Tumemtafuta vizuri, Tuula. Hayuko."

Kesho naitwa ofisini, na huenda nikafukuzwa. Sikuulizi tena kwa nini hukuja mazikoni. Kibati nimekitia humu kwenye bahasha, kwa sababu nikikaa nacho nitakitundika tena. Usikirudishe kwa posta. Kilete mwenyewe.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako.

Ni mimi dada yako,
Tuula