Udi wa mama mkwe

Ijumaa jioni.

Leo tena mama mkwe amefukiza udi chumbani kwangu na madirisha akayafunga. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba moshi ndio unaonibana kifua.

Nilivuta pampu ya buluu ndipo nikapata pumzi. Ile ya kahawia, ya kila siku, inayozuia pumu isinishike, niliiacha mwezi mzima kwa kuwa yeye alisema nitageuka teja. Mjinga mimi.

"Mke asiyeweza udi ni mke gani?" akamuuliza mume wangu, nami bado nakohoa. "Mwanangu, nikutafutie mwengine?"

Salim aliitandaza kanzu yake juu ya chetezo, akangoja mpaka ikanukia vizuri, akaivaa, akaenda msikitini.