Fundi Alivyoing'arisha Bastola Yangu

Jumatatu, 2 Juni

Mashine imewashwa mapema. Alizeti ya Mzee Kiula ni kavu, imetoa mafuta mengi. Ya mama mmoja wa Nduguti ina unyevu. Nimemwambia akaianike tena, akanuna. Anune.

Mchana nimeitoa bastola kabatini. Kutu imeanza ubavuni, na magazini, kile kisanduku cha risasi, inakwama. Mwisho wa mwezi ni uhakiki. Kila mwenye silaha anaipeleka kituoni pamoja na leseni yake, wanasoma namba iliyochongwa kwenye chuma, wanaangalia kama inafanana na ya kwenye leseni. Sitaki kufika pale na kitu chenye kutu kama jembe lililosahauliwa shambani. Keshokutwa naipeleka Singida kwa Fundi Ntandu. Ndiye fundi wa silaha mwenye kibali tunayemfahamu sisi watu wa Iguguno.

Yohana anasema kutu kidogo haina neno. Mume wangu kila kitu kwake ni kidogo. Hata mkono wake wa kulia, ambao vidole havikunji tangu wale watu walipomvamia njia ya Mtinko na fedha za kununulia alizeti, anasema ni jambo dogo. Baada ya siku ile niliomba leseni mimi. Msimu wa kununua sitoki na fedha bila ile bastola. Sitoki.

Jumatano, 4 Juni

Singida. Upepo wa kukata masikio.

Kibanda cha Fundi Ntandu kipo nyuma ya soko, kati ya bucha na mama lishe. Ni mzee wa rika la baba yangu. Nimempa shikamoo yake, akaniitikia marahaba mwanangu, akanipa kigoda. Kazi za bunduki zimekuwa chache, naona sasa ananoa visu vya bucha na kung'arisha sufuria za mama lishe kwa jiwe lake la umeme. Sufuria zimepangwa mlangoni, unajiona uso.

Nimemwambia: ondoa kutu, tengeneza magazini. Mambo mawili. Akasema nirudi Jumatano ijayo.

Jumatano, 11 Juni

Sijala. 

Alinitolea bastola kwenye kitambaa cheupe kama anayenikabidhi mtoto wa ubatizo. Inang'aa. Inang'aa yote, mwili mzima, kama kijiko cha harusini. Nilifurahi nadhani kwa pumzi moja. Kisha nikaigeuza nitazame namba.

Hakuna namba. Ameisaga. Ameipitisha kwenye jiwe lake la sufuria mpaka ubavu umekuwa laini kabisa, na namba imeondoka pamoja na kutu.

Mzee yule akaniuliza, akitabasamu: "Si imependeza, mwanangu?"

Silaha isiyo na namba ni silaha ya jambazi. Mtoto wa darasa la tano anajua. Jambazi ndiye anayefuta namba, tena kwa tupa, gizani. Mimi nimefutiwa mchana, na fundi mwenye kibali ukutani. Nikisimamishwa njiani na kitu kile, leseni yangu inasema namba hii, bastola inasema hakuna. Nitafungwa. Na Yohana ataendesha mashine kwa mkono upi?

Nilimwambia twende polisi sasa hivi, ukaseme ulichofanya. Akasema tusikimbilie huko, nimwachie, namba si kitu cha kupotea, atairekebisha. Niliiacha. Niliogopa kusafiri nayo. Nimerudi Iguguno nikiwa nimeuma meno njia nzima, taya linaniuma mpaka sasa.

Jumatatu, 16 Juni

Wakulima wa Mtinko wamepiga simu. Magunia yapo tayari, wanamngoja mnunuzi. Nimewadanganya kwamba naumwa. Nani ataniuzia wakishachoka kungoja? Watauza kwa mwingine na watakuwa sawa.

Hasira zimeingia hata kwenye mashine. Nimemfokea kijana wa watu anayetusaidia kazi, kwa ajili ya dumu lililokuwa safi.

Jumanne, 17 Juni

Fundi Ntandu amepiga simu. Anataka nimsomee namba iliyoko kwenye leseni. Hatimaye! Ameamua kwenda kutoa taarifa. Nimemsomea taratibu, mara mbili. Nimelala vizuri mchana.

Jumatano, 18 Juni

Hakwenda kutoa taarifa yoyote.

Ameigonga mwenyewe! Amechukua vyuma vya kugongea namba kwenye fremu za baiskeli, akazipiga kwa nyundo, moja moja, kwenye ubavu wa bastola yangu. Zimekaa upande upande kama meno ya mtoto. Nane yake mtu anaweza kuisoma tatu. Sasa si bastola iliyofutwa namba tu. Sasa ni bastola iliyofutwa namba na kughushiwa nyingine. Kosa lilikuwa moja, amenizalia la pili, na bado alikuwa anafuta nyundo kwa kitambaa akingoja nishukuru.

Leo sikumwamkia. Nilifika nikasimama mlangoni, mwenye bucha yupo, mama lishe yupo, wateja wanakula, na shikamoo haikutoka. Nilitoa yaliyokuwepo. Nilimwambia ni mharibifu. Nilimwambia sufuria ndizo saizi yake. Nilimwambia atakwenda polisi hata kwa kuburutwa. Mama lishe aliweka mkono mdomoni. Mzee alivaa kofia yake, akafunga mlango wa kibanda, akaondoka akitembea polepole kuelekea upande wa ziwa.

Bastola nimerudi nayo, iko kabatini, ufunguo ninao shingoni. Najua ningepita kituoni. Ningesema nini? Kwamba mzee wa watu, bila kutumwa na mtu, aliifuta namba na kugonga nyingine, naye mwenyewe hayupo? Hata mimi nisingejiamini.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekwenda. Kibanda kimefungwa. Simu inaita tu.

Mama lishe amenieleza, bila kuniangalia, kwamba mzee yupo kwake Mtinko, hataki kuonana na mtu. Nikamwuliza kama ameona alichonifanyia. Akasema, "Dada, ya chuma sisi hatuyajui. Ila mzee hukumwamkia." Akaendelea kumenya vitunguu.

Mtu ananitia jela, na kinachozungumzwa nyuma ya soko ni shikamoo.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya ibada wamekuja wazee watatu. Mzee Kiula, ambaye ni baba mdogo wa Yohana, na wawili wa upande wa Fundi Ntandu. Nikajua wamekuja kuniomba radhi. Nikachinja kuku. Nikasonga ugali wa uwele. Nikawanawisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Wamekula wakashiba, kisha wakanisomea kosa. Nimemvunjia mzee heshima mbele ya watu. Natakiwa nipeleke kuku, nikamwamkie palepale nilipokataa kumwamkia, na watu walewale wakiwepo. Nikauliza, na bastola? Mzee Kiula akanitazama kama niliyeuliza bei kanisani.

"Kwanza utu, mwanangu. Ya chuma yatafuata."

Nimeharibiwa mimi, na kuku nitoe mimi! Tena wa pili, maana wa kwanza wameshamla. Nikawaambia hata nikisamehewa na ukoo mzima hapa sebuleni, kituoni hawatauliza kuku alikuwa wa rangi gani. Watasoma namba. Wazee wakaitikia kwa vichwa, kwa upole kabisa, kama watu wanaongoja mvua ipite. Wakaaga.

Yohana amesema mkono usioweza kuukata, ubusu. Nimetoka nje nikakaa na mbwa.

Jumatatu, 23 Juni

Sitakwenda.

Jumanne, 24 Juni

Mashine imelala, hakuna alizeti. Wa Mtinko wameuza kwa mtu wa Singida.

Uhakiki ni wiki hii mpaka Jumatatu. Nisipopeleka silaha watakuja kuiuliza nyumbani. Nikiipeleka peke yangu, wataniuliza nani kagonga namba hii, na jibu langu limejifungia ndani Mtinko likisubiri salamu.

Nimemtazama Yohana akifunga kamba ya gunia kwa meno na mkono wa kushoto. Hakujua namtazama.

Jogoo mwekundu. Huyo huyo mgomvi. Angalau na yeye nimtoe nyumbani.

Alhamisi, 26 Juni

Niandike yote nisije kusahau jinsi ilivyokuwa.

Wazee walimpelekea habari, naye akarudi mjini. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, kofia magotini. Mwenye bucha alisimama na kisu mkononi, hakati kitu. Mama lishe aliacha jiko. Walikuwepo hata wateja wa siku ile, sijui waliitwa. Bastola ilikuwa ndani ya mkoba wangu na jogoo kwapani, ananipiga mbawa mbavuni. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyochukia dakika ile.

Nikapiga goti. "Shikamoo."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani atanikomoa. Kumbe alikuwa anakohoa. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, baba."

Basi. Akamkabidhi mama lishe jogoo amfunge, akavaa kofia, akasema, "Twende." Wala hakuuliza twende wapi. Hapo ndipo hasira ziliponipanda upya, maana nilielewa. Hakuwa amekimbia polisi. Siku zote hizi nilizokosa usingizi na alizeti, mzee alikuwa tayari kwenda. Alichokuwa anangoja ni hicho tu.

Kituoni afande aliishika bastola, akaigeuza kwenye mwanga. Kisha akaniangalia mimi. Kabla sijafungua mdomo Fundi Ntandu alivua kofia.

"Namba ya kwanza nimeisaga mimi. Hii iliyopo nimegonga mimi. Huyu binti alisema niondoe kutu na nitengeneze magazini, mambo mawili tu. Sheria naijua. Niliona aibu kurudisha kazi ikiwa imeharibika."

Afande akamwuliza kama anaelewa anachokisema. Akasema anaelewa. Alisema kwa sauti ileile aliyoniitikia marahaba.

Bastola imebaki kwao. Itapelekwa kwa wataalamu wajaribu kuisoma namba ya zamani chini ya ile iliyogongwa. Kibali cha fundi wamekichukua. Mimi nimeandikisha maelezo nikaruhusiwa. Yeye nilimwacha kwenye benchi, anangoja kuitwa tena, mikono yake ile myeusi kwa mafuta ameiweka juu ya kofia.

Sikumuaga. Sikujua nimuageje.

Ijumaa, 27 Juni

Yohana anasema mtu mzima anaweza kwenda kukiri kosa lake akiwa wima, ila hawezi kwenda akiburutwa. Anasema ningemwamkia siku ile tungekwenda siku ileile.

Inawezekana. Lakini na mimi nina la kusema, na kwa kuwa humu hakuna wa kunikatiza nitalisema. Heshima yake aliining'iniza kwenye shingo yangu. Mimi ndiye niliyekuwa na silaha ya kughushi kabatini. Mimi ndiye ningefungwa. Na alijua. Kama utu ndio kwanza, basi na wa kwangu ulikuwepo.

Wamemwachia jana jioni, amedhaminiwa na mwenye bucha. Nimefurahi. Nimekasirika kwamba nimefurahi.

Jumamosi, 5 Julai

Nimenunua magunia machache Iguguno hapahapa, kwa watu wanaoleta wenyewe. Mtinko siendi. Bila bastola siendi, na Yohana asijaribu kunieleza kwamba njia imetulia.

Mzee Kiula ameleta alizeti ya mwisho. Kaniuliza habari za yule jogoo. Nimemkamulia bila kumjibu, mashudu nimempimia sawasawa.

Alhamisi, 14 Agosti

Singida, kununua mkanda wa mashine. Upepo umepungua.

Nilipokuwa natoka dukani nimemwona. Si kwenye kibanda, kibanda kina mtu mwingine anauza vocha. Amekaa kwenye kivuli cha ukuta, ng'ambo ya stendi, na jiwe la kunolea la kukanyaga kwa mguu. Mbele yake visu vichache juu ya gunia. Hakuna sufuria. Amekonda kidogo.

Ningeweza kupita upande wa pili. Hakukuwa na mama lishe wala wazee wala mtu yeyote anayenijua. Miguu ikavuka barabara.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akasimamisha jiwe. "Wamekurudishia?"

"Bado."

"Na mimi bado."

Akauliza hali ya mkono wa mume wangu. Sikumbuki kama niliwahi kumweleza. Nikasema haujambo. Akaniuliza kama sina kisu cha kunoa, angeninolea bure.

Kisu ninacho, cha kukatia kamba za magunia, kilikuwa humo humo mkobani, butu kabisa. Nikamwambia sina.

Nimekinoa mwenyewe jioni, kwenye jiwe la uani.