Mkono wa Mama Mkwe

Rungwe Mpya, Kasulu

Mjukuu wangu Neema,

Sisi tunaamka salama. Maharage tumeshayavuna, na mama yako anakusalimu sana.

Unaniuliza kwa nini kwenye utafiti wenu huko Busunzu wanawake wengi walijibu kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe. Hivi kweli wanaamini hivyo?

Miaka ya sabini, tulipokuwa tumehamishiwa kijijini, bwana mmoja kutoka wilayani alituuliza swali hilohilo. Tulikuwa tumeketi na mama wakwe zetu, na kwetu humpingi mama mkwe mbele za watu.

"Anayekubali anyooshe mkono," akasema.

Mama mkwe wangu akawa wa kwanza, nasi tukafuata.

Tuliporudi nyumbani alinionyesha kijia cha migombani. "Mwanangu akikupiga, pita hapa uje kwangu. Mlango sifungi."

Basi, mama, kabla hujaandika kwamba wanaamini, uliza walijibu wakiwa wameketi na nani. Ule mkono wa mama mkwe wangu haukunyooka vizuri. Baba mkwe aliuvunja zamani. Yule bwana wa wilayani aliuhesabu kama mingine.

Ni mimi bibi yako, ninayekuombea.